Kupanda uzani: Lini ni busara, na lini bondia anajitia kitanzi

BONDIA yeyote anayeshinda mapigano kadhaa mfululizo hufikiwa na siku ambapo huulizwa swali moja gumu: je, abaki katika uzani wake au apande? Swali hili huulizwa na watu wengi, kila mmoja akiwa na sababu yake. Promota huuliza kwa kuwa pesa nyingi ziko juu. Kocha huuliza kwa kuwa kijana wake amechoka kulala njaa. Mashabiki nao huuliza kwa kuwa hakuna kinachowasisimua kama kumwona mdogo akimwangusha mkubwa.

Anayelijibu kwa mbavu na fuvu lake, hata hivyo, ni bondia peke yake. Ndiyo maana suala hili linafaa kuelezwa kwa kina, hasa hapa kwetu ambapo vijana wengi hujifunza ndondi katika kumbi za mitaani bila daktari wala mtaalamu wa lishe wa kuwashauri.

Ndondi za kulipwa zina ngazi 17 za uzani, kuanzia pauni 105 (kilo 47.6) hadi uzani mzito ambao hauna kikomo. Baraza la WBC liliongeza ngazi ya 18 mwaka wa 2020, kati ya uzani wa kruza na uzani mzito, lakini wengi hawajaizoea.

Asiyeyajua haya hudhani kwamba kupanda ngazi moja ni jambo lilelile kwa kila bondia. La hasha! Kutoka uzani wa flai (pauni 112) hadi ule unaofuata ni pauni tatu tu. Kutoka welta (pauni 147) hadi welta ya juu (pauni 154) ni pauni saba, yaani kilo tatu na kitu. Lakini kutoka uzani mzito mwepesi (pauni 175) hadi kruza (pauni 200) ni pauni 25, ambazo ni zaidi ya kilo 11. Bondia anayeruka pengo hilo anakutana na mwanamume wa umbo jingine kabisa.

MWILI UNAPOKATAA

Kuna sababu mbili za kupanda, nazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni mwili kukataa kushuka. Ya pili ni mkoba kuita.

Tuanze na mwili. Katika ndondi za kulipwa, aghalabu mabondia hupimwa uzani siku moja kabla ya pigano. Utaratibu huu ulienea katika miaka ya themanini, na nia ilikuwa njema: kumpa bondia muda wa kula na kunywa kabla ya kupigana. Matokeo yake ni kwamba mabondia waligundua mwanya. Mtu mwenye kilo 75 anaweza kujikausha maji hadi kilo 66.7, akasimama mizanini kama bondia wa welta, kisha kesho yake akaingia ulingoni akiwa na kilo 73.

Kujikausha huko si jambo la siri. Miaka mingi iliyopita, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, niliwahi kumwona kijana mmoja akikimbia mchana wa jua kali, kajifunga mifuko kiunoni na kifuani, juu kavaa jaketi mbili na kofia ya sufu. Mkononi alikuwa na mkebe aliokuwa akitemea mate. Nilidhani ana wazimu. Kumbe alikuwa amebakisha gramu mia chache na saa tatu za kuzipoteza. Kesho yake alishindwa kwa pointi na bondia ambaye, kwa macho yangu, hakumzidi kwa lolote ila nguvu za raundi za mwisho.

Maji yanayotoka kwa namna hiyo si mafuta wala kitambi. Ni sehemu ya damu na misuli. Damu ikipungua maji, moyo hulazimika kupiga kwa kasi zaidi ili kufanya kazi ileile, na figo hubeba mzigo usio wake. Ubongo nao hukaa ndani ya majimaji yanayoukinga dhidi ya mishtuko, na madaktari wengi wa michezo wanahofia kwamba bondia aliyekauka na asiyepata muda wa kutosha wa kurejesha maji hayo huwa katika hatari zaidi kichwa kinapotikiswa. Mwishoni mwa mwaka wa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa katika muda wa wiki chache wakijaribu kupunguza uzani. Hao hawakupigwa konde hata moja.

Mashirikisho yamejaribu kuuziba mwanya huo. WBC huwataka wanaowania mataji yake wapimwe siku 30 kabla ya pigano, wasiwe wamezidisha asilimia 10 ya uzani, na tena siku saba kabla, wasizidishe asilimia tano. IBF huwapima tena asubuhi ya pigano la taji, na yule aliyezidisha pauni 10 juu ya kikomo hujitia matatani. Sheria hizi ni nzuri, ila zinamlinda bondia wa taji la dunia. Kijana wa mapigano ya raundi nne katika ukumbi wa mtaa hana wa kumpima siku 30 kabla.

Aliyepatwa na madhara ya mchezo huu wa mizani ni Joey Gamache wa Marekani. Mnamo Februari 2000 alipigana na Arturo Gatti jijini New York, kikomo kikiwa pauni 141. Usiku wa pigano, mizani ya kituo cha televisheni kilichopeperusha pigano hilo ilionyesha Gatti ana pauni 160 na Gamache 145. Gamache aliangushwa katika raundi ya pili, akapata jeraha la ubongo, na hakupigana tena. Kesi aliyofungua dhidi ya tume ya michezo ya jimbo hilo iliendelea kwa miaka.

Hapa ndipo palipo na funzo ambalo wengi hulisahau: bondia anayekataa kupanda kwa kuogopa wakubwa huenda tayari anapigana na wakubwa, tofauti ikiwa tu kwamba wao wamejikausha vizuri kumliko.

Mfano bora wa mwili kukataa ni Manny Pacquiao wa Ufilipino. Alitwaa taji la WBC la uzani wa flai mnamo Desemba 1998 akiwa kijana wa miaka 19. Mnamo Septemba 1999, nchini Thailand, alishindwa kutimiza uzani, akavuliwa taji mizanini kabla hata ya kengele kulia, na alipopanda ulingoni akaangushwa katika raundi ya tatu. Waliokuwapo wangeweza kuapa kwamba huyo amekwisha. Alipopanda uzani aliziruka ngazi mbili zilizofuata, akatua kwenye pauni 122, na mnamo Juni 2001 akamnyang'anya Lehlo Ledwaba wa Afrika Kusini taji la IBF. Kilichofuata, mataji katika ngazi nane, kinajulikana na kila mtu.

Kisichojulikana sana ni kwamba alipotwaa taji la nane, dhidi ya Antonio Margarito mwaka wa 2010, taji lenyewe lilikuwa la pauni 154 lakini mkataba uliweka kikomo cha pauni 150, na Pacquiao alipima 144.6. Huyo bado alikuwa bondia wa welta. Alipanda kwa jina tu.

MNYAMA WA KAMPALA

Sasa tugeukie mkoba, na hapa hatuhitaji kwenda mbali. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na John Mugabi, aliyebandikwa jina la Mnyama kwa namna alivyowaponda wapinzani.

Mugabi alishinda nishani ya fedha katika uzani wa welta kwenye Olimpiki za Moscow mwaka wa 1980. Alipoingia ndondi za kulipwa alishinda mapigano yake yote, zaidi ya 20, na yote kwa nokauti. Hakuna hata mmoja aliyemaliza raundi zote naye. Alikuwa kileleni mwa orodha ya wanaowania taji la pauni 154. Angesubiri zamu yake, pengine angelitwaa mapema.

Badala yake alipelekwa juu kukutana na Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzani wa kati asiyepingwa, aliyekuwa na mataji ya WBA, WBC na IBF. Walipigana Machi 10, 1986 mjini Las Vegas. Mugabi hakwenda kutafuta huruma. Alimpiga Hagler makonde ambayo yangemlaza bondia yeyote wa pauni 154, na baadhi ya raundi zilikuwa kali mno kwa wote wawili. Lakini Hagler hakuanguka. Katika raundi ya 11 aliyeanguka ni Mugabi, na hakuinuka hadi mwamuzi alipomaliza kuhesabu.

Wapo wanaosema kwamba pigano lile lilimjengea Mugabi heshima, na ni kweli. Mimi naona lilimlipisha bei ambayo hakuwahi kuimaliza. Desemba mwaka huohuo alirudi pauni 154 kuwania taji la WBC lililokuwa wazi dhidi ya Duane Thomas, akaumia jicho, pigano likaisha katika raundi ya tatu. Alilipata taji hilo hatimaye mnamo Julai 1989 nchini Ufaransa, bingwa René Jacquot alipotegua kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Machi 1990 akalipoteza kwa Terry Norris katika raundi ya kwanza. Kisha akapanda tena uzani wa kati, na mnamo Novemba 1991 jijini London Gerald McClellan akamwangusha, vilevile katika raundi ya kwanza.

Kwa nini nguvu zilizowaangusha zaidi ya 20 hazikumwangusha mmoja? Jibu ni kwamba nguvu za konde hazisafiri vyema kutoka ngazi hadi ngazi. Bondia wa uzani wa kati amekuwa akipigwa na watu wa uzani wa kati tangu utotoni. Konde linalomshangaza mtu wa pauni 154 kwake ni la kawaida. Upande wa pili, lile analorusha yeye ni zito kuliko yote ambayo mgeni wake amewahi kuyaonja. Shingo huweza kunenepeshwa kwa mazoezi. Taya hainenepi.

Kasi, kinyume chake, husafiri. Muulize Ayub Kalule, Mganda mwingine. Kalule alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola katika uzani mwepesi mwaka wa 1974, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa ridhaa, ngazi moja juu, huko Havana. Alipohamia Denmark na kupigania pesa alikuwa amejaa hadi pauni 154, akatwaa taji la WBA mwaka wa 1979. Huko ndiko kupanda kwa mwili: polepole, miaka ikienda na umbo likikua.

Aliyemvua taji mnamo Juni 1981 mjini Houston, katika raundi ya tisa, ni Sugar Ray Leonard, bingwa wa welta aliyepanda ngazi moja tu. Kalule hakuwa ameshindwa hata mara moja kabla ya siku hiyo. Leonard hakumshinda kwa nguvu. Alimshinda kwa mikono iliyofika kabla ya jicho kuiona. Miezi mitatu baadaye alikuwa amerudi welta kupigana na Thomas Hearns. Jaribio lilikuwa la pauni saba, lilipimwa vizuri, na mlango wa kurudi uliachwa wazi.

Azumah Nelson wa Ghana ni mwalimu mwingine, kwa kuwa alisimama pande zote mbili za swali hili. Alitwaa taji la WBC la uzani wa unyoya kwa kumwangusha Wilfredo Gómez mnamo Desemba 1984, na mwaka wa 1988 akapanda ngazi moja hadi pauni 130 na kutwaa taji huko. Mnamo Mei 1990 alijaribu kuongeza ngazi nyingine, akashindwa kwa pointi na Pernell Whitaker. Akakubali. Akarudi kwake.

Huko alimkuta mpandaji mwingine akimjia. Jeff Fenech wa Australia alikuwa ametwaa mataji katika ngazi tatu, kuanzia uzani wa bantamu. Pigano lao la kwanza, mnamo Juni 1991, lilitangazwa sare, nao wengi walioliona walisema Fenech ameibiwa. WBC yenyewe ilimpa ushindi huo mwaka wa 2022, miaka 31 baadaye. Lakini waliporudiana Machi 1992 mjini Melbourne, mbele ya mashabiki wa Fenech, Nelson alimmaliza katika raundi ya nane.

Wanaotaka kuruka ngazi mbili kwa mpigo na wamtazame Kell Brook wa Uingereza. Alikuwa bingwa wa IBF wa welta. Mnamo Septemba 2016 alipanda pauni 13 kukutana na Gennady Golovkin jijini London. Alipigana vizuri kwa dakika kadhaa, kisha mfupa wa jicho la kulia ukavunjika, na kambi yake ikarusha taulo katika raundi ya tano. Akafanyiwa upasuaji. Mnamo Mei 2017 alikuwa amejikondesha tena hadi welta kutetea taji lake dhidi ya Errol Spence, na safari hii uliovunjika ni mfupa wa jicho la kushoto. Alipoteza taji alilokuwa nalo kwa kulifuata asilokuwa nalo.

Naye Roy Jones aliponda raha kubwa zaidi na kulia kilio kikubwa zaidi. Machi 1, 2003 alimshinda John Ruiz kwa pointi na kutwaa taji la WBA la uzani mzito, akiwa na pauni 193 dhidi ya 226. Ilikuwa mara ya kwanza kwa aliyekuwa bingwa wa uzani wa kati kulifikia taji la uzani mzito tangu Bob Fitzsimmons mwaka wa 1897. Baada ya hapo alishuka tena hadi pauni 175 katika miezi michache, akamshinda Antonio Tarver kwa shida mnamo Novemba, kisha Mei 2004 Tarver akamlaza katika raundi ya pili. Misuli iliyojengwa kwa miezi ilikuwa imeyeyushwa kwa wiki.

Msomaji atauliza: na Terence Crawford je? Ni kweli. Mnamo Septemba 2025, akiwa na miaka 37, Crawford alitoka pauni 154 hadi 168 na kumshinda Saúl Álvarez kwa uamuzi wa majaji wote watatu. Sina jibu la kumpinga, ila kusema kwamba Crawford aliishi kwa kasi, akili na hesabu, na kwamba bondia wa aina hiyo haonekani kila mwaka. Álvarez mwenyewe alikuwa amejaribu kupanda hadi pauni 175 dhidi ya Dmitry Bivol mwaka wa 2022, na majaji wote watatu wakampa Bivol ushindi wa 115-113.

WALIOSHUKA NA WALIOPANDA KWETU

Hapa Kenya tuna kisa cha kinyume. Philip Waruinge alikuwa bondia wa uzani wa unyoya: shaba Mexico mwaka wa 1968, ambako pia alitunukiwa kombe la Val Barker la bondia hodari zaidi wa michezo hiyo, na fedha Munich mwaka wa 1972. Alipoenda Japani kupigania pesa aliitwa Waruinge Nakayama, na mwaka wa 1976 aliwania mataji mawili ya WBC. Yote yalikuwa chini ya uzani wake wa Olimpiki. La kwanza, la pauni 122, alishindwa na Rigoberto Riasco nchini Panama. La pili, la pauni 118, alikutana na Carlos Zárate wa Mexico na kuangushwa katika raundi ya nne. Alikuwa amepita umri wa miaka 30. Mtu huanza kujiuliza mwili ule ungefanya nini kama ungeachwa mahali pake.

Stephen Muchoki alipanda. Bingwa wa dunia wa ridhaa huko Belgrade mwaka wa 1978 katika uzani mdogo zaidi, kilo 48, aliwania taji la WBA la flai, kilo 50.8, dhidi ya Santos Laciar mjini Copenhagen mwaka wa 1982. Alisimama naye hadi raundi ya 13. Kilo tatu ni kitu kidogo sokoni, lakini kwa mtu wa kilo 48 si kidogo.

Na jijini Nairobi mwaka wa 2017, Fatuma Zarika alikuwa ndiye aliyepandiwa. Catherine Phiri wa Zambia, aliyekuwa bingwa wa WBC wa uzani wa bantamu, alikuja kuwania taji la Zarika ngazi moja juu. Majaji waligawanyika, Zarika akabaki na ukanda wake.

Kocha atajuaje basi kwamba wakati umefika? Ampime kijana wake kila asubuhi kwa miezi, si wiki ya pigano tu. Kama kilo za kawaida zinapanda ilhali hali vibaya wala halegei mazoezini, na hasa kama hajafika miaka 22 au 23, huyo anakua na hana budi kupanda. Kama raundi za kwanza anatawala na za mwisho miguu inakufa, tatizo huenda si pumzi bali maji. Kama misuli inamkaza kila anapojikausha, asisubiri dalili nyingine.

Akipanda, apande ngazi moja, na pigano la kwanza huko lisiwe la taji. Afanye mazoezi na wakubwa kabla ya kupigana na wakubwa. Tena kupanda uzani si kula chapati mbili zaidi jioni. Kilo zinazoongezwa kwa haraka hukaa tumboni, na tumbo halirushi konde. Ikiwa hata hivyo mwili umetulia, uzani unatimizwa bila mateso, na sababu pekee ya kupanda ni kwamba mtu fulani ametaja kiasi fulani cha pesa, basi promota aulizwe kama kiasi hicho kinalingana na mapigano yote ambayo huenda yasiwepo baadaye.

Mabondia wa ridhaa wana tatizo lao la pekee. Wao hupimwa asubuhi ya kila pigano, kwa hivyo kujikausha hakuwafai sana. Na ngazi zao hupunguzwa kila mara. Robert Wangila alishinda dhahabu ya Kenya huko Seoul mwaka wa 1988 katika uzani wa kilo 67. Alifariki Julai 1994, siku chache baada ya pigano mjini Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 26. Uzani aliotwalia dhahabu yake haukuwapo tena katika Olimpiki za Paris mwaka wa 2024. Wanaume walikuwa na ngazi saba tu, na bondia wa kilo 67 alipaswa kuchagua kujinyima hadi kilo 63.5 au kupigana na wenye kilo 71. Shirikisho jipya la World Boxing lilitangaza ngazi mpya zilizoanza kutumika mwaka wa 2025, zikiwemo za kilo 65 na 70 kwa wanaume. Bondia wa umbo la Wangila sasa ana kilo mbili za kupunguza au tatu za kuongeza.